Mabakuli ya Kinyozi

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na sisi tupo. Kifurushi chako kimefika juzi kikiwa kimebonyea upande mmoja, utadhani kilikaliwa na mtu mnene safari nzima, lakini kofia yenyewe haikudhurika. Hizi kofia ngumu nyeusi za mviringo zina roho ya paka. Nimeitia mvuke wa birika, nimeipiga burashi kama Baba alivyotufundisha, na sasa iko ukutani pamoja na mabakuli mengine, kama tunavyoziita. Ukuta wa chumba chake umejaa. Zile za mwaka jana nimezihamishia chumbani kwangu, kwa hiyo nalala nikitazamwa na kofia zisizo na vichwa.

Unauliza Baba kasemaje. Kasema ukingo umekunjwa vizuri, ila bitana imebadilishwa na fundi asiyejua kazi.

Sasa nisikilize. Nimeitwa kazini. Si hii ya kushona sare za shule kwenye kona ya sebule, cherehani upande huu na Baba upande ule. Ni kiwanda cha nguo, mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Wanataka nisimamie chumba cha kukatia vitambaa, na nyumba ndogo ya kuishi wanatoa. Wananihitaji mwanzo wa Juni. Baada ya hapo watachukua mtu mwingine, na kwa umri wangu huu sitaitwa tena.

Baba hawezi kuachwa peke yake. Anateleka birika la maji, kisha anazunguka nyumba nzima akilitafuta. Nimeishika zamu hii tangu Mama atutoke na sijawahi kukuambia nimechoka. Leo nakuambia. Nimechoka mpaka nikikaa naona tabu kusimama, nikisimama naona tabu kukaa. Njoo ukae naye. Mafundi wa lifti wanatafutwa kila penye ghorofa, na huku ghorofa zinaota kama uyoga.

Nijibu hilo. Habari za kofia ziache kwanza.

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu kabisa ya jengo, kwenye kibanda cha mashine ya lifti, nimekalia sanduku la vifaa. Lifti yenyewe imezeeka kuliko mimi, na wenye jengo wanataka ipande kama kijana. Nashinda ndani ya lile shimo, nikitoka hata chakula kinanuka grisi. Hongera sana kwa kazi! Nimefurahi hadi nikamsimulia mlinzi wa getini, ambaye hakuniuliza.

Kuhusu kuja, nalifikiria. Mkataba wa jengo hili unaisha, hauishi, unaisha. Haraka haraka haina baraka, Dada. Pengine upate jirani wa kumtazama mchana? Au hao wa kiwandani wakuvumilie kidogo?

Umesema nisikuandikie habari za kofia, lakini hii lazima uisikie. Niliingia duka la vitu vya kale, nyuma ya rundo la redio mbovu nikaona ukingo. Mwenye duka alikuwa ameigeuza na kuiwekea vitunguu! Nikamwaga vitunguu vyake mezani. Sufu bado imekaza, utepe wa ngozi wa ndani mzima, na chini ya ngozi kuna gazeti limekunjwakunjwa, maana kichwa cha mwenyewe wa kwanza hakikuijaza kofia. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiwasema watu hao? "Huyu alinunua heshima kubwa kuliko kichwa." Nilicheka peke yangu, mwenye duka akadhani namcheka yeye.

Mimi yangu naivaa kila Jumapili. Mtaani wananiita Balozi. Nikiivaa natembea kama Baba, mgongo wima, shingo haigeuki ovyo, kwa sababu ukigeuka ovyo inakuachia na kubingirika hadi mtaroni.

Ya vitunguu inakuja kwa basi. Niambie Baba kasemaje.

Mdogo wako


Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Kofia ya vitunguu imefika. Baba hakusema lolote. Hajasema lolote juu ya kofia yoyote tangu mwaka jana. Yote niliyokuandikia, ukingo, bitana, fundi asiyejua kazi, nimeyatunga mimi. Ulikuwa unafurahi, nami sikuwa na nguvu za kukukatiza furaha. Nimemsikiliza maisha yangu yote, sauti yake naijua. Sasa nimechoka hata kutunga.

Yeye anazivaa tu. Akiamka ananyoosha mkono ukutani na kuvaa ya kwanza anayoigusa. Wiki iliyopita alivaa mbili, moja juu ya nyingine, akatoka nami nafua. Nimemtafuta mtaa mzima mikono imejaa povu. Nimemkuta pale palipokuwa na kibanda chake cha kinyozi, siku hizi panauzwa simu. Muuza simu alimpa kiti, Mungu ambariki, lakini Baba hakukaa. Alisimama nyuma ya kile kiti akingoja mteja aje akalie. Nilipomshika mkono akanifuata bila ubishi. Nikamuuliza, mbona umevaa mbili? Akanijibu, "Moja yangu. Hii nyingine mteja kaisahau."

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikainama kwenye beseni la nguo nikalia.

Jambo jingine. Siku hizi kila asubuhi nikimpelekea chai ananivulia kofia. Anainyanyua kabisa, vidole viwili kwenye ukingo, na kichwa anakiinamisha.

Ukimaliza kufikiria, niambie umeamua nini.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Dada,

Kumbe miezi yote hii nazungumza na wewe nikidhani nazungumza na Baba! Una kipaji. Lile la "kofia hii ilivaliwa na mtu mwongo, tazama ilivyoegemea" nilikuwa nikiwasimulia watu kazini. Sikukasirika. Au nilikasirika jioni moja, nikalala, nikasahau.

Lakini tazama upande wa kheri. Mzee anakuvulia kofia! Yeye aliyekuwa akiwavulia wateja na wakubwa wa watu tu. Mimi hajawahi kunivulia, hata siku niliyoleta cheti changu cha ufundi. Hatimaye ameona kazi yako. Ringa, Dada, una haki.

Kuhusu Juni, mkataba umeongezwa. Sikuomba mimi, ni wao. Waandikie watu wa kiwandani wakungoje hadi Septemba. Mkono kama wako watauvumilia.

Nimeona nyingine, ya kahawia, nadra sana kwa umri ule. Ukisema nisinunue, sinunui.

Mdogo wako

Nimechelewa kuituma barua hii. Ile ya kahawia nimeshainunua.


Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Siwaandikii. Walisema Juni. Mwezi wa tano ukifika nusu nami sina jibu lako, nitawaambia wampe mtu mwingine, na habari ya kazi hutaisikia tena kinywani mwangu. Sina nguvu za kukugombeza.

Humu ndani kuna barua ya Baba. Ameomba karatasi, amekaa mezani tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, kofia kichwani, ulimi nje kama mwanafunzi. Amekataa niione. Ameifunga kwa gundi yangu ya karatasi za mitindo, akasema, "Barua ya mtu haifunguliwi." Nami sikuifungua.

Ile ya kahawia usiitume.

Dada yako


Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Kofia zako nimezipata. Ni nzuri, nakushukuru, lakini sasa basi. Mtu ana kichwa kimoja.

Nakuandikia habari za nyumba. Humu kuna mama mmoja anayenitunza. Sijui nani alimleta. Kama ni wewe, umechagua vizuri. Anashona sare. Anajua kupiga kofia burashi kwa kufuata ulalo wa manyoya, na wala sikumfundisha mimi, kwa hiyo katoka nyumba yenye adabu. Hanifokei. Asubuhi akileta chai namvulia kofia, maana hatuna undugu naye na anayonifanyia ni hisani. Sheria yangu unaijua. Nyinyi wanangu sijapata kuwavulia. Ukimvulia mwanao kofia umemwambia ni mgeni hapa.

Ninachokuandikia ni kwamba amechoka. Anasinzia kwenye cherehani, naogopa sindano itamchoma. Naye ana kwao. Tusimmalize mtoto wa watu kwa sababu ni mpole. Mtafutie wa kumpokea, na usikawie.

Na dada yako yuko wapi? Haji. Mwambie aje hata anisalimie tu. Mama yenu akirudi ataniuliza, nami sina la kumjibu.

Baba yako,
Kinyozi


Tarehe 29 Aprili

Shikamoo Dada,

Nimeacha kazi. Nimeshakata tiketi, nafika kabla Mei haijafika nusu. Waandikie kiwandani leo hii kwamba unakwenda.

Usiniulize Baba kaandika nini. Kaandika vizuri, mwandiko umenyooka. Kasema kofia sasa basi.

Wenye jengo wamenitukana, kisha wakaniuliza kama namjua fundi mwingine. Nimewaambia wapande ngazi, ina afya.

Na hili nalisema sasa, nisije nikakosa uso wa kulisema tukionana. Mkataba ulikuwa kisingizio. Naogopa, Dada. Nilitaka nikija nimkute yule Baba wa kuniambia nimevaa kofia kama mfuniko wa chungu. Kila nilipotuma kofia na jibu likaja, nilijua bado yupo. Ulipoandika kwamba anakuvulia, sheria yake niliikumbuka palepale, kabla sijamaliza ule mstari. Nikafanya mzaha kwa sababu ya woga. Kazi yako yote hii umeifanya peke yako na mimi nakutumia vifurushi.

Nakuja.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Alichoandika nakijua. Sikuifungua, nilikuambia, lakini ananisimulia mwenyewe kila siku. Ananiuliza binti yake yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa nikimjibu, "Baba, si mimi huyu hapa?" Akawa ananitazama kwa huruma, kama unavyomtazama tapeli asiyejua kudanganya. Nikaacha. Siku hizi namwambia yuko njiani.

Kusahauliwa nimekuzoea. Kinachoniuma ni kinyongo. Ana kinyongo na mimi kwa kutokuja kumwona, nami niko mbele yake nimeshika bilauri ya maji na vidonge vyake. Hapo ndipo ninapochoka uchovu usioisha kwa kulala.

Nitakaa nawe mpaka mwisho wa mwezi ili akuzoee. Lakini nakuandikia mapema, maana tukionana tutacheka na nitasahau. Chai iwe ya moto kweli, vuguvugu anaimwaga kwenye ua. Viberiti viko ndani ya pipa la unga. Mlango wa mbele una komeo la chini nililoliweka kwa sababu chini haangalii. Akikuita jina lisilo lako, itika. Kofia kabla ya kuitia mvuke igeuze kwanza, mvuke uingie kwa ndani, ukiupiga juu inalegea na kubonyea, naye ataona. Mengine yote anasahau, lakini kofia iliyobonyea ataiona toka mlangoni. Usiku anaivaa hata kitandani. Mngoje alale, kisha uitoe taratibu.

Wembe usimpe. Mnyoe wewe. Atakukosoa kuanzia sikio hadi sikio, na ukikosolewa utamsikia Baba, yuleyule, hajapungua. Mimi ndizo dakika nilizokuwa nikizingoja wiki nzima.

Njoo salama.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Shikamoo Dada,

Natumaini umeshazoea huko. Hapa sasa mimi ndiye ninayelala na kofia zisizo na vichwa. Nimezigeuza zitazame ukutani.

Ile siku ya kwanza aliponivulia ulikuwapo, uliona nilivyojikaza. Kesho yake na keshokutwa nilijikaza vilevile. Sasa naitika, na mimi namvulia yangu. Tunasimama mlangoni tunavuliana kofia kama mabalozi wa nchi mbili ndogo, kisha anakunywa chai. Ananiita Fundi. Jana ameniuliza lifti itatengemaa lini, maana wageni wanalalamika. Nimemwambia nangoja vipuri. Amesema siku zote mafundi husema hivyo.

Na kunyoa ni kama ulivyosema. "Fundi, hapo unakwangua sufuria au unanyoa mtu?" Nilifurahi nikamkata kidogo.

Nimechoka, Dada. Sijamaliza hata mwezi peke yangu na mgongo umekuwa wa mzee. Nikikaa kula ananiita, nikienda hana shida yoyote. Sijui uliwezaje miaka yote ile, na sitakuambia pole, maana pole yenyewe imechelewa.

Kuna jambo nimelificha tangu uondoke, na nimeona kufichana kumetutosha. Siku uliyoondoka alikuwa amelala, na ulisema tusimwamshe. Kuanzia asubuhi ile haketi. Anavaa kofia, anafungua mlango wa chumba chake na kusimama pale hadi chai inapoa. Nilidhani anamngoja binti yake. Juzi nikamshika bega nikamwambia, "Mzee, kaa. Binti yako atakuja."

Akanijibu, "Binti yangu ana maisha yake. Asipokuja nimemsamehe. Namuulizia yule mama."

Nikamuuliza mama yupi, kana kwamba sijui.

"Yule wa chai. Ameondoka sijamuaga. Kakosewa nini humu ndani? Kama ni mimi niliyemkosea, niambieni, nimwombe radhi."

Analiuliza kila asubuhi, na kila asubuhi ni jipya kwake. Nimemwambia umesafiri, hakuniamini. Nimemwambia hukukosewa, akasema hayo ni maneno ya kumtuliza mzee. Leo hakunywa chai kabisa. Sijui nimjibu nini. Nifundishe, kama ulivyonifundisha mvuke.

Mdogo wako


Tarehe 21 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kukatia, wenzangu wametoka kwenda kula, nimekaa chini kati ya marobota ya kitambaa cha bluu. Ilibidi nisubiri macho yakauke kabla hawajarudi. Mimi ni msimamizi wao, na wameshaanza kuniogopa kidogo, sitaki wapunguze.

Wiki ya kwanza huku nililala usingizi wa pono. Nikirudi kazini navua viatu, naanguka kitandani, naamka asubuhi na sikumbuki hata kugeuka. Sikujua mwili unaweza kudai hivyo. Wiki ya pili nikaanza kuamka saa ya chai yake, nikikaa kitandani mikono haina kazi. Nilidhani ni mazoea tu, yataisha.

Niliondoka nyumbani nikijua nimeshapotea moyoni mwake. Nilikuwa nimekubali. Nimekaa pale miaka, namfulia, namlisha, nikingoja anikumbuke japo mara moja, na kila kofia aliyonivulia niliihesabu kama mlango umefungwa usoni mwangu. Kumbe wakati wote huo alikuwa ananizoea upya, taratibu, bila kunijua mimi ni nani na bila kulazimika. Sikuliona hilo, maana nilikuwa nimechoka mno.

Usimwambie Baba kwamba yule mama ni binti yake. Utamchanganya bure, na atanitazama tena kwa ile huruma yake. Mwambie hakumkosea kitu. Yule mama alichoka akaenda kupumzika, na ndivyo Mzee mwenyewe alivyotaka.

Nimeomba ruhusa, wamenipa siku ya mapumziko iliyoungana na mwisho wa juma. Pasha maji mapema.

Mwambie yule mama anakuja Jumamosi.

Dada yako